Kikapu cha Mukandori Chini ya Matone

Kule Nyamyumba, ukikipita kiwanda cha bia na kufuata ufukwe wa ziwa, kuna mahali maji ya moto yanatoka ardhini, na watu huenda pale kwa mahitaji yao. Mwenye mgongo anakwenda kulowa. Mwenye viazi anavifunga katika kitambaa, anavitumbukiza, anapiga soga mpaka viive, anakula. Vénuste hakwenda kwa mgongo wala kwa viazi. Yeye alikwenda kwa matone.

Kando ya bwawa la maji hayo kulikuwa na mwamba uliotoboka, na humo maji yalichuruzika kidogo kidogo, yakiwa yameshapoa njiani, yenye uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Yalikuwa na chokaa nyingi maji hayo. Ukiacha kijiti chini yake, ukakisahau msimu mzima wa mvua, unarudi kukikuta kimevaa koti jeupe. Ukizidi kukiacha, koti linakuwa ngozi, ngozi inakuwa mfupa. Vénuste aliiona kazi hiyo ya maji tangu akichunga mbuzi, na alipokuwa mtu mzima aliifanya yake. Alitundika kwa kamba viota vya ndege, magunzi ya mahindi, vikapu vidogo vya majani, na kila alipopita alivigeuza, ubavu huu, ubavu ule, jiwe lisije likalemea upande mmoja. Kabla ya vita alipanda navyo mjini, wageni wa hoteli za ufukweni wakavinunua, wakaenda navyo makwao huko.

Mmoja wa wageni hao, mwalimu wa Kibelgiji mwenye kofia pana, ndiye aliyempa lile neno. Alikishika kiota cha jiwe kiganjani, akasema kwamba kitu cha namna hii kime-minéraliser. Vénuste akauliza ndiyo nini. Mgeni akajitahidi na Kiswahili chake cha kuokoteza: ni kugeuka madini, alisema, maji yanaleta jiwe, jiwe linakaa mahali pa uzi, uzi unakwenda zake, sura inabaki.

Vénuste aliishia darasa la nne, na hilo neno alilipenda kama mtu anavyopenda shati jipya. Alilivaa kila mahali. Mkate wa juzi ulikuwa minéralisé. Goti lake wakati wa baridi lilikuwa minéralisé. Askari wa mpakani aliyesimama bila kupepesa jicho, naye vilevile.

"Na hiyo ulimi yako," mkewe Mukandori alimwambia siku moja akichambua mboga, "ita-minéraliser lini, tupumuzike kidogo?"

Hata pale kwenye maji walimtania. Onésphore, aliyekuwa akiwakanda migongo waogaji, alikuwa haachi.

"Muzee, madini ni dhahabu. Madini ni ile inapita mpakani na magari, watu wanatoana roho. Yako ni chokaa tu. Hata kuku haitaki."

"Kuku inataka," Vénuste alijibu polepole, hakuwa mtu wa kukasirika. "Inakula chokaa, inafanya ganda ya yai. Uliza bibi yako."

Ndivyo walivyoishi. Halafu ukaja mwaka ule wa kukimbia, nao wakakimbia, wakavuka mpaka pamoja na watu wote hadi kambini Goma. Na huko, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo mtu hawezi kuchimba hata shimo la kupanda kitu, Mukandori akaugua tumbo, na ugonjwa haukumchelewesha.

Kabla ya kukata roho alimpa mumewe kikapu. Kilikuwa kidogo, cheupe, chenye michoro myeusi inayopanda ikizunguka, na kifuniko chake kilichongoka kama paa la nyumba ya zamani. Alikisuka mwenyewe. Kifuniko alikuwa amekishona kwa uzi.

"Hii ni ya Claudette," alisema, akimtaja binti yao. "Siku ataolewa. We usifungue."

Vénuste hakuhitaji kuambiwa. Kwao bibi harusi anaingia nyumbani kwake na kikapu cha mama yake, na alichotia mama humo ndani ni baina ya mama na binti. Mwanamume anakibeba ikibidi. Hakifunui, wala haulizi. Alikitikisa tu mara moja, kwa kukisogeza begani, akasikia kitu kikilia ndani, cha, cha, cha. Shanga, alijiambia. Na tangu siku hiyo moyoni mwake zikawa shanga.

Claudette, aliyekuwa bado msichana wa shule, alibaki Goma kwa Kankindi, dada mkubwa wa mama yake, mwanamke wa biashara ya vitenge na unga. Vénuste alirudi kwa miguu mwaka ule watu waliporudi kwa makundi, na kikapu kilikuwa kifuani mwake, ndani ya koti. Vitu vingine alivitupa njiani. Hicho hakukitupa.

Nyumba aliikuta, ingawa bila milango. Lakini hiyo haikuwa amani yenyewe. Ikaja ile miaka miwili ya milio kutoka milimani, wapiganaji wakishuka, watu wakilala nje kwenye mashamba ya ndizi. Asubuhi moja alikwenda kumtazama jirani yake ambaye nyumba yake ilikuwa imeungua. Wenyewe walipona. Kilichobaki ndani kilikuwa majivu: kitanda majivu, nguo majivu, hata picha ya harusi. Katikati ya majivu palikuwa na kitu kimoja kizima, kiota cha jiwe ambacho Vénuste mwenyewe alimpa jirani huyo zamani, zawadi ya mtoto kuzaliwa. Alikiokota. Kilikuwa na masizi tu. Alikipangusa kwa kiganja, kikawa cheupe tena.

Alirudi nyumbani akiwa na wazo, na lilimtia furaha kama chakula.

Kikapu cha Mukandori kilikuwa cha majani. Moto ungekila. Mchwa angekila. Mwizi angekitaka. Lakini jiwe, nani anayeiba jiwe? Basi siku hiyohiyo akashuka nacho, akachagua mahali pazuri, pa matone mepesi, nyuma kidogo ambapo waogaji hawafiki, akakitundika.

"Muzee," Onésphore alimwambia, "hiyo si ya kuuza."

"Siuzi. Nahifadhi."

Hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama huo. Kila alipopata nafasi alishuka, akakigeuza, ubavu huu, ubavu ule, na kila alipokigeuza zile shanga zililia, cha, cha, cha, naye akajisikia kama anazungumza na mtu. Alikisimulia habari. Fulani amerudi. Fulani hakurudi. Sokoni kuna chumvi. Jani likavaa koti jeupe, michoro myeusi ikazama polepole kama kitu kinachozama ziwani, ila kila tundu la sindano likabaki wazi kuonekana. Halafu siku moja alipokigeuza hakikulia. Akakigeuza tena. Kimya. Vénuste akatabasamu peke yake pale mwambani. Aha, jiwe limefika ndani, alijiambia. Sasa kweli kime-minéraliser, ndani na nje.

Furaha ya siku ile ndiyo iliyokuja kumrudia baadaye, na alipoikumbuka alikuwa akifumba macho.

Kikawa kizito. Wakati risasi zilipoanza kunyamaza na watu wakaanza tena kulala vitandani, alikitoa, akakikausha juani, akakifunga katika kitenge kikuukuu na kukiweka chini ya kitanda.

Claudette alikuja mwaka uliofuata, wa tisini na tisa, akiwa msichana mzima, mrefu kama mama yake. Alikuja na Kankindi, wote wawili wakitoka jasho la kupanda kilima, Kankindi akilalamikia viatu vyake. Habari zilikuwa nzuri. Claudette alichumbiwa na Manzi, karani kijana mwenye nyumba ya kupanga mtaani Nengo, kule mjini, ya vyumba viwili na kiwanja kidogo nyuma.

"Kiwanja ni kidogo," Kankindi alisema, "lakini udongo iko muzuri. Nimeenda mimi mwenyewe, nimeshika na mukono. Si kama Goma, ile mawe tupu."

Vénuste hakujua kwa nini shemeji yake anasifia udongo. Alicheka tu, akawapa maji ya kunywa.

"Papa," Claudette akasema, "tumekuja kwa kikapu ya mama."

Alikuwa ameingoja sentensi hiyo. Aliinama, akakitoa chini ya kitanda, akakifungua kitenge juu ya mkeka polepole, pindo moja, pindo la pili. Kikapu kilikaa pale cheupe kabisa, kila uzi ukiwa mahali pake, kifuniko kimechongoka.

Claudette aliweka mkono mdomoni. "Yebaba we! Papa, ni we umefanya hii?"

"Ni maji. Mi niligeuza tu."

"Ni nzuri. Papa, ni nzuri sana." Alijaribu kukiinua kwa mkono mmoja, kikamshinda, akatumia yote miwili, akacheka. "Wakati nitaingia nayo, Manzi atafikiri nimeleta jiko!"

Kankindi hakucheka. Alikisogelea kwa magoti, akakigonga kwa kidole kilichokunjwa, mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

"Kifuniko inafunguka namna gani, shemeji?"

Vénuste akamtazama. Ni kweli, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. "Haifunguki. Iko minéralisé."

"Na ile iko ndani?"

"Shanga haziozi, shemeji."

"Shanga?" Kankindi alikaa chini sawasawa, miguu mbele. "Shanga gani? Nani alikuambia shanga?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hilo ndilo lililokuwa baya. Kankindi alivua kilemba, akakifunga upya bila sababu, kisha akasema, maana sasa ilibidi kusemwa. Ndani mlikuwa na maharagwe. Yalikuwa ya mama yao, mzee wa Rugerero, mekundu yenye jicho jeupe, yale yanayopanda juu ya miti mpaka mtu anayachuma akiwa amesimama. Mama yao aliwapa wao. Yeye Kankindi alikwenda kwenye biashara, hakupanda kitu. Mukandori alipanda kila mwaka. Na walipokimbia, wakati wengine walibeba masufuria na magodoro, Mukandori alibeba mbegu. Kule kambini watu walipolia njaa alizikalia. Hakuzipika. Alizitia kikapuni mbele ya dada yake, akashona kifuniko, ili Claudette azipande mvua ya kwanza nyumbani kwake.

"Alisema, mi nakufa juu ya mawe, lakini mutoto wangu atapanda," Kankindi alimaliza.

Nje Onésphore alikuwa akipita barabarani anaimba. Vénuste alikigeuza kikapu juu ya mkeka, ubavu huu, ubavu ule.

"Si ungeniambia, shemeji," Vénuste alisema.

"Namna gani? Mambo ya kikapu ya mama, nimwambie mwanaume? We ungekubali kusikia?"

Asingekubali.

Aliomba wampe nafasi kabla ya harusi. Hakusema anakwenda wapi, lakini asubuhi yake alivaa koti, akapita mjini na mtaa wa Mbugangari bila kusalimia sana, akapanda hadi Rugerero kwa wakwe zake. Alikuwa na hesabu moja tu kichwani: mbegu ya Mukandori ilikuwa ya Rugerero, basi Rugerero ingekuwepo bado. Angepata kiganja kimoja cha maharagwe mekundu yenye jicho jeupe, ampe binti yake pamoja na kikapu kizima, na hakuna ambaye angehitaji kuvunja kitu. Aliingia boma hadi boma. Walimwonyesha maharagwe ya njano, ya kijivu, yenye madoa, mafupi ya kutambaa chini ambayo watu walipewa na mashirika waliporudi. Alikuwa anayashika moja moja, anayageuza kwenye mwanga, anayarudisha.

Kwa Murekatete, mama mmoja aliyelima shamba linalopakana na la wakwe zake, ndipo alipoacha kutafuta.

"Ile nyekundu ya Mukandori?" yule mama akasema. "Si yeye mwenyewe alikuwa ananigawia. Nilikuwa nayo. Tuliikula kambini, Vénuste, watoto walikuwa wanalia. Wote tulikula. Nani mwingine angekaa na mbegu bila kula?"

Alishuka. Njiani vijana wa pikipiki walimwita, muzee panda, muzee panda, akapunga mkono tu, akatembea.

Alipofika nyumbani Claudette alikuwa uani na kikapu mbele yake, kwenye jiwe la kufulia. Alikuwa amekisugua, kinang'aa.

"Umepata?"

"Sikupata."

"Bon. Basi tuvunje, Papa."

Vénuste akakaa. Koti hakulivua. "Nikivunja, hautabaki na kitu ya mama yako. Hakuna ingine. Nguo ilikwisha, picha ilikwisha. Mikono yake imebaki hapa tu. Angalia hii uzi, angalia alivyoruka moja pale, alikuwa anaongea na mimi, akakosea. Inaonekana mpaka leo."

Claudette alipapasa lile kosa kwa kidole. Machozi yalimtoka lakini sauti yake haikubadilika. "Nikibeba hivi, nabeba kazi yako. Ya mama iko ndani. Pengine moja tu iko nzima, Papa. Moja inatosha kupanda."

"Pengine," Kankindi alisema kutoka mlangoni.

Kwa neno hilo pengine, Vénuste aliingia ndani, akarudi na nyundo. Claudette alinyoosha mkono aichukue, naye akamkatalia. Kama kuvunjwa kinavunjwa, atakivunja aliyekitundika. Alikigonga kwanza taratibu kwenye shingo, pale kifuniko kinapokutana na mwili, akitumaini kitaachia kama yai. Hakikuachia. Akagonga tena. Mara ya pili ilitoa sauti kavu, ufa ukapita katikati ya michoro iliyozama, na kikapu cha Mukandori kikafunguka vipande vitatu juu ya jiwe la kufulia.

Jiwe halikufika ndani. Lilikuwa ganda tu, unene wa kidole, na chini yake majani yenyewe yalikuwa yameoza, yakawa unga wa kahawia uliomwagika na kupeperuka. Miaka yote alikuwa akiwaambia wageni kwamba jiwe limekwenda mpaka moyoni, na hakuwahi kuvunja hata kimoja aone.

Na katikati palikuwa na kitu kama shungi la nywele nyeupe. Kankindi ndiye aliyekitambua. Yalikuwa maharagwe. Yalikuwa yameota. Kila punje ilikuwa imepasuka na kutoa mzizi, na miche ilikuwa imerefuka, myembamba, imejisokota mmoja ndani ya mwingine ikizunguka ukuta, ikitafuta pa kutokea, na mingi ilikuwa imekwenda juu kwenye ncha ya kifuniko na kujibana hapo. Kisha chokaa kidogo iliyopenya pamoja na maji ikaivika ngozi nyembamba. Claudette aligusa mche mmoja, ukakatika bila sauti.

"Kumbe zilikuwa nzima," Kankindi alisema. Hakusema kwa ukali, ilimtoka tu. "Baada ya njia yote ile. Zilikuwa nzima, shemeji."

Vénuste alisikia tena, wazi kabisa, ile cha, cha, cha, na baada yake ule ukimya uliomfanya atabasamu pale mwambani. Siku ile hazikuwa zimekuwa jiwe. Zilikuwa zimelowa, zimevimba, zinaamka. Kama angekuwa na kisu mkononi siku ile, na ukaidi kidogo wa kukata uzi ambao hakuruhusiwa kuukata, leo Nengo kungekuwa na maharagwe yanapanda juu ya miti.

"Mi nilitaka isipotee," alisema.

"Najua, Papa."

"Nilikuwa naigeuza kila wakati."

"Najua."

Vénuste alizitafuta punje zote, moja moja, kwa ncha ya kidole, mpaka jua likaondoka uani. Hakuna iliyokuwa nzima. Claudette alichagua kipande kimoja, kile chenye uzi ulioruka, akakifunga kwenye leso. Vingine akamwachia baba yake, naye akavizika nyuma ya nyumba pamoja na miche, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine navyo. Siku iliyofuata alishuka kwenye maji akakata kamba zote. Onésphore alimwona akitoka na viota na magunzi mikononi, akaja kumpokea mzigo.

Harusi ilikuwa nzuri. Watu walitoka Goma na vitenge vipya, Manzi alikuwa amevaa suti ya kuazima iliyomkaa vizuri kuliko ya kununua, na walicheza. Ilipofika zamu ya kikapu cha mama, Kankindi alikileta kichwani, kipya, cha sokoni, chenye rangi kali mno. Ndani alikuwa ametia maharagwe ya kawaida, mchanganyiko, ya njano na yenye madoa. Claudette alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamtazama baba yake upande wa pili wa chumba, akatabasamu ili asimwache peke yake.

Kisha akakishika kifuniko. Vénuste aliinuka kidogo kwenye kiti bila kujijua. Kilinyanyuka kwa vidole viwili, kwa wepesi, kama kitu kisicho na uzito wowote.